Nzai na Kahaso Watafuta pa Kuzeekea

Kahaso alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka mingi alishona sare za shule katika chumba chao cha Changamwe, Mombasa. Mumewe, Nzai, aliendesha kreni bandarini. Kila jioni alirudi nyumbani masikio yakimvuma. Alivua viatu, akaketi kitandani, akasema neno moja tu: "Kelele!"

Siku ya kustaafu ilipofika, wafanyakazi wenzake walimpikia pilau na kupiga picha naye. Alirudi nyumbani akicheka peke yake njia nzima.

"Mama Lorna, sasa tunahama," alimwambia mkewe. "Fondo amenipa kiwanja kando ya mto. Huko hakuna kreni wala honi. Ni mto na ndege basi."

Fondo alikuwa mdogo wake Nzai. Alilima mpunga na ndizi katika delta ya Tana, upande wa Kilelengwani. Kahaso alikuwa amefika huko mara moja tu, kwenye harusi. Alikumbuka watu wakarimu na samaki watamu. Alikumbuka pia jinsi njia ilivyomchosha.

"Na dawa zako za sukari utazipata wapi?" aliuliza.

"Tutazibeba."

"Zikiisha?"

"Mama Lorna, usinivunje moyo. Mahali penyewe hujapaona vizuri."

Nzai alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na Kahaso mwenyewe magoti yalimsumbua. Alikuwa na neno la kusema, lakini hakutaka kumharibia mumewe furaha yake. Akaanza kufunga vyombo.

Mizigo yao ilifika Garsen, mji ulio karibu na delta, kwa lori. Fondo alikuwa amewapangia chumba mjini ili waweke vitu humo mpaka nyumba ya mtoni ijengwe. Jirani yao wa chumba cha pili alikuwa Sabdio, mwanamke wa Kiorma wa rika lao. Alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu. Jioni hiyohiyo alikuja na birika la chai ya maziwa.

"Karibuni Garsen," alisema. "Mnakaa au mnapita?"

"Tunapita, dada," Nzai alijibu. Akamweleza habari za kiwanja, mto na ndege. Sabdio alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mto ni mzuri kweli, Baba Lorna," alisema. "Mimi nimezaliwa karibu nao. Lakini kiwanja hicho ulikiona mwezi gani?"

"Mwezi wa pili."

"Huo ni wakati wa kiangazi. Kila mahali pakavu. Uliwauliza majirani maji hufika wapi mto ukifurika?"

Nzai alimtazama mkewe. Hakuwa ameuliza.

"Na njia je? Masika gari inafika?"

"Fondo huvuka kwa mtumbwi."

"Fondo ana nguvu zake. Wewe ukiwa mgonjwa utaweza? Halafu, kiwanja kiko mbali na malka?"

"Malka ndiyo nini?" Kahaso aliuliza.

"Ni njia ya mifugo kushuka mtoni kunywa maji. Kiangazi kikizidi, sisi Waorma tunaleta ng'ombe wengi kutoka mbali, na wote wanapita hapo. Mtu akijenga kwenye malka, ng'ombe watapita mlangoni kwake. Hapo ugomvi unaanza, na si kwa sababu watu ni wabaya. Ni kwa sababu mwenye nyumba hakuuliza."

Nzai aliweka kikombe chini. "Basi unasema tusiende."

"La, nasema mwende! Lakini mkakae kwanza kabla ya kujenga. Kaeni masika nzima. Mpike huko, mlale huko, mwende kliniki mkitokea huko. Ukipita mahali siku moja hupajui. Na neno jingine. Nyinyi ni wawili. Mama Lorna yeye anasemaje?"

Nzai aligeuka. "Haya, sema, mke wangu."

Kahaso alikunja ncha ya leso yake.

"Mimi nimezoea watu," alisema polepole. "Nikishona, napenda kusikia mtu akipita na kunisalimu. Nisipoona watu, siku hainiishii. Na naogopa, Baba Lorna. Naogopa utaugua, nami sina wa kumwita."

"Mbona hukuniambia Mombasa?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Nzai alimmiminia mkewe chai. Kisha akasema, "Tutafanya alivyosema dada. Chumba hiki tusikirudishe. Tutakwenda kwa Fondo tuone masika."

Fondo aliwapa nyumba yake ndogo ya udongo. Siku za kwanza zilikuwa tamu. Asubuhi ukungu ulilala juu ya mto, na korongo weupe walitua kwenye mashamba ya mpunga. Nzai alivua kambare, akalala mchana chini ya chandarua, akaamka akipiga mluzi. Hata Kahaso alianza kujiuliza, "Labda nimeogopa bure."

Kisha mvua zikaanza. Njia ikawa tope, baadaye ikawa maji. Boda boda zikaacha kufika. Fondo akawaonyesha kiwanja chao. Nusu yake ilikuwa imefunikwa, na maji yalikuwa yakipanda.

"Kila mwaka hivi?" Nzai aliuliza.

"Si kila mwaka, kaka. Miaka mingine hayafiki. Miaka mingine tunahamia juu mpaka yapungue. Sisi tumezoea."

Nzai alirudi nyumbani miguu peku, akipita kwenye tope.

Siku chache baadaye Kahaso aliona kitu kwenye mkeka, mahali mumewe alipokuwa ameketi. Lilikuwa doa la usaha.

"Hebu nione mguu wako."

Chini ya unyayo palikuwa na kidonda. Mwiba ulikuwa umeingia, na ngozi kuuzunguka ilikuwa nyekundu na ya moto.

"Hukusikia maumivu?"

"Sikusikia kitu," Nzai alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Kahaso alishika simu. Mtandao ulikuwa hafifu, ikabidi apande kwenye tuta la shamba ndipo Sabdio akamsikia.

"Sukari hufanya miguu ife ganzi," Sabdio alimweleza. "Mtu huumia asijue. Kioshe kidonda kwa maji safi na sabuni, ukifunike kwa kitambaa safi. Usitie majivu, usitie mafuta, na mwiba usiuchokoe. Asikanyage chini. Halafu mlete leo. Usingoje kesho, Mama Lorna. Leo!"

Fondo na majirani wawili walimbeba Nzai mpaka kwenye mtumbwi. Kahaso aliketi nyuma yake, akamshika mabega. Mvua ilinyesha, na maji yaliingia mtumbwini. Fondo alipiga kasia huku Kahaso akiyachota kwa kopo. Kahaso aliomba kimya kimya, neno lilelile, tena na tena.

Walipofika nchi kavu, pikipiki ilikuwa ikiwangoja. Sabdio ndiye aliyeituma. Iliwapeleka mpaka barabara ya lami, na hapo wakapata gari la kwenda Garsen.

Daktari wa zahanati alikisafisha kidonda, akautoa mwiba, akampima Nzai sukari. Ilikuwa imepanda sana.

"Mmewahi," alisema. "Mguu huu utapona. Lakini mgekaa siku mbili tatu zaidi, tungekuwa tunazungumza habari ya kuukata."

Kahaso alitoka nje, akaketi kwenye benchi la zahanati, akalia. Sabdio alimkuta hapo, akaketi kando yake. Baada ya muda Kahaso alijifuta uso kwa leso, akaanza kucheka.

"Nacheka nini mimi?"

"Cheka tu," Sabdio alisema. "Mumeo ana miguu miwili."

Mguu ulipoanza kukauka, Nzai alimwita mkewe karibu.

"Kule ni pazuri, Mama Lorna. Lakini sitaki uniuguze mahali tusipoweza kutoka. Hebu tutafute tena, safari hii sote wawili."

Wakaanza kuzunguka, Nzai akiegemea mkongojo. Sasa walijua la kuuliza. Nyumba ya kwanza ilikuwa na veranda pana na bati jipya. Kahaso alizitazama kuta kwa makini. Rangi ya chini ilikuwa imebabuka, na juu yake palikuwa na mstari wa tope.

"Maji yalifika hapa?" alimuuliza mwanamke wa nyumba ya jirani.

"Mpaka kiunoni," mwanamke alijibu. "Wamepaka rangi kuficha, lakini hawakuimaliza."

Walishukuru, wakaondoka. Mahali pa pili palikuwa pakavu na pa kimya, lakini maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, na pampu ya maji matamu ilikuwa mbali mno kwa magoti ya Kahaso. Nzai alipapenda. Kahaso hakunyamaza.

"Mimi hapa siwezi, Baba Lorna."

"Basi si hapa," Nzai alisema.

Mahali pa tatu palikuwa mwisho wa mtaa mmoja ulioinuka, hapohapo Garsen. Walifika asubuhi, wakarudi jioni kusikiliza kama kuna kelele. Walisikia adhana, mbuzi wakirudi, na watoto wakiitwa kuoga. Bomba la maji lilikuwa jirani, kanisa lao lilikuwa karibu, na zahanati Nzai angeweza kuifikia kwa miguu. Waliwauliza wazee wa mtaa kama pana mgogoro wa ardhi na kama mafuriko yamewahi kufika, wakaambiwa la. Kisha wakapanga nyumba hapo, wakakaa kwanza. Walipoona mioyo imetulia, ndipo wakanunua.

Kiwanja cha mtoni hawakukiacha. Nzai alikwenda na Fondo kuzungumza na wazee wa kijiji na wa wafugaji. Walionyeshwa malka inapopita, wakaiacha wazi. Upande mwingine walipanda ndizi. Kiangazi Nzai huenda huko na buti za mpira, hula samaki, husikiliza ndege mpaka achoke, kisha hurudi nyumbani. Kila jioni Kahaso humkagua nyayo zote mbili.

Masika iliyofuata mto ulifurika kweli. Fondo alikuja Garsen na mkewe na watoto, wakalala katika nyumba kavu ya kaka yake mpaka maji yalipopungua.

Siku moja ya kiangazi, Nzai akiwa shambani, Kahaso aliamka na homa kali. Alijaribu kusimama, kichwa kikazunguka, akalala tena. Simu ilikuwa mezani, hakuifikia. Jua lilipanda. Kisha akasikia hodi mlangoni.

"Mama Lorna! Uko salama?"

Alikuwa Kadra, mwanamke kijana wa Kisomali aliyeolewa nyumba ya mbele. Aliingia, akamgusa paji la uso, akatoka mbio kumwita Sabdio. Wakampeleka zahanati, akapimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa. Mchana alikuwa amerudi kitandani, na uji ulikuwa jikoni.

Nzai aliporudi alikuta ndara za wanawake zimejaa mlangoni. Aliingia kwa hofu. Kahaso alikuwa ameketi, akinywa uji na kubishana na Sabdio kuhusu sukari ya uji.

"Nani aliwaita?" Nzai aliuliza.

"Hakuna aliyetuita, baba," Kadra alisema. "Mama Lorna hufagia kila alfajiri. Leo niliona saa zimekwenda na uwanja haujafagiwa."

Nzai alisimama pale mlangoni, akamtazama mkewe. Kahaso alitabasamu. Nzai akageuka, akatoka nje, akachukua ufagio, akaanza kufagia.