Kivumbasi cha Mlangoni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Yusra alifagia uwanja wa mbele ya nyumba yao. Alianzia kizingitini, akarudi kinyumenyume mpaka njiani, ili nyayo zake zisivuruge mistari ya ufagio. Ndivyo Bibi Mwanaidi alivyomfundisha tangu zamani, ufagio ukiwa bado mrefu kuliko yeye. Bibi mwenyewe aliketi kibarazani na kikombe cha chai ya mchaichai, akiisikiliza kazi inavyokwenda.

"Mke mwenzangu!" Bibi aliita asubuhi moja, maana hivyo ndivyo alivyozoea kumtania mjukuu wake. "Kona ile ya mwisho umeiruka."

Yusra aligeuka. Kweli, kona ilikuwa na majani makavu. "Bibi, umeonaje kutoka huko uliko?"

"Nimesikia. Ufagio ulinyamaza mapema."

Yusra alicheka, akarudi kufagia kona. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliamini hakuna jambo la kijijini kwao Mnyuzi lililoweza kumpita bibi yake.

Nyumba yao ilikuwa kando ya njia iendayo relini. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye bati, na chokaa aliyoipaka marehemu babu ilikuwa imebanduka mabaka mabaka. Mbele ya mlango palikuwa na vitu viwili ambavyo Bibi hakuruhusu viguswe. Cha kwanza kilikuwa kichaka cha kivumbasi, kirefu, chenye harufu kali na matawi yaliyokwenda kila upande. Cha pili kilikuwa kijia cha kokoto, kutoka njia kuu hadi kizingitini.

Jioni, mahindi yakichomwa, Bibi alipenda kusimulia habari zake. "Nilipoolewa nikashuka kutoka Vugiri," alisema, "mbu wa huku bondeni walinikaribisha kuliko mawifi. Sikulala. Mama yangu akaniletea tawi la kivumbasi la kufukuza mbu, kutoka mlangoni kwake, amelifunga kwa jani bichi la mgomba. Nikalipanda hapa. Kila nikipita nikaligusa, nasikia harufu ya kwetu."

"Na kokoto, Bibi?" Yusra aliuliza, ingawa jibu alilijua kwa moyo.

"Babu yako alikuwa akitengeneza reli. Kokoto hizi zilibaki baada ya kazi, akazibeba kwa ruhusa ya msimamizi wake. Kwa ruhusa, usije ukasema babu yako alikuwa mwizi! Akazitandaza hapa. Giza likiingia nilizisikia zikilia, kratu, kratu, nikajua mume wangu amefika. Nikapakua."

Yusra alizipenda hadithi hizo. Lakini hadithi ni za masikio, na macho nayo yana yake. Macho ya Yusra yaliona gugu refu na mawe ya kuumiza nyayo.

Basi ikaja habari kwamba Jumamosi watakuja wageni wa posa kutoka Handeni. Walikuwa wanakuja kumposa Hafsa, dada yake Yusra. Mama akaanza kuhesabu sahani, Hafsa akaanza kukosa usingizi, na Yusra akaanza kuutazama mlango wao kwa jicho la mgeni. Aliona aibu. Nyumba ya kina Rhoda, rafiki yake aliyesoma naye darasa moja, ilikuwa na maua kwenye makopo yaliyopakwa rangi, na chupa zilizofukiwa kichwa chini kuzunguka bustani. Rhoda aliwahi hata kumtania, "Yusra, mlangoni kwenu kama kwa mganga!" Walicheka wote wawili, lakini maneno yale hayakumtoka.

"Mama," alisema, "naomba nipambe mbele ya nyumba, wageni wasije wakamdharau dada."

"Siriba ukuta ukipenda, fagia, chora," Mama alijibu. "Ila kivumbasi na kokoto usiviguse bila kumwuliza Bibi."

Yusra alichimba udongo mwekundu kilimani, akauchuja, akausiriba ukuta wote wa mbele mpaka ukawa mwekundu kama ndizi ya mzuzu iliyoiva sana. Kisha akakoroga chokaa kidogo, akachora maua meupe kila upande wa mlango. Kazi hiyo ilimchosha mikono, lakini moyo wake ulikuwa mkunjufu. Akamwita Bibi aje kuona.

Bibi Mwanaidi alikuja polepole, akapitisha kiganja chake ukutani. "Mashallah! Weupe wa babu yako umerudi uleule!"

Yusra akacheka sana. Alidhani ni utani.

Siku ya Ijumaa, baada ya adhuhuri, Bibi alikwenda kumjulia hali rafiki yake aliyekuwa mgonjwa. Alikwenda peke yake na fimbo yake. Kushikwa mkono hakutaka. Mama na Hafsa walikuwa uani wakichambua mchele. Yusra akabaki mbele, akakitazama kivumbasi, nacho kama kilimtazama yeye. "Nikimwuliza atakataa," aliwaza. "Lakini akikuta pamependeza, atanishukuru."

Akachukua jembe. Kivumbasi kiling'oka kwa shida, mizizi ikikatika, harufu yake ikajaa uwanja mzima. Akakiburuta hadi shimo la taka. Kokoto akazifukia kwa udongo laini, akashindilia kwa miguu, akafagia juu yake. Pale penye kivumbasi akapanda maua ya kopo aliyopewa na Rhoda. Hakika palipendeza. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akimsubiri Bibi.

Haukupita muda mrefu, Bibi akatokea njiani. Alikuja kwa mwendo wake wa kila siku, fimbo mbele. Alipokaribia alipunguza mwendo, akainua pua kidogo kama anayetafuta kitu hewani. Akakanyaga pale palipokuwa na kokoto. Hapakulia kitu. Akasita. Yusra alitabasamu, akingoja kusifiwa. Bibi Mwanaidi akaupita mlango wake mwenyewe, akaendelea mbele kuelekea relini.

"Bibi anatania tena," Yusra alijisemea. Lakini Bibi hakugeuka. Mbele yake palikuwa na mtaro wa maji ya mvua, na Yusra akaiona fimbo ikigonga hewa.

"Bibi! Simama!"

Alikuwa amechelewa. Bibi alitumbukia. Yusra alikimbia mbio ambazo hakuwahi kukimbia hata siku ya michezo shuleni. Alimkuta Bibi ameketi ndani ya mtaro, goti linavuja damu, kilemba kimemwanguka, akipapasa huku na huku.

"Ni nani?" Bibi aliuliza kwa sauti ndogo ya woga, sauti ambayo Yusra hakuwahi kuisikia. "Mwanangu, nyumba yetu imekwenda wapi?"

Yusra aliingia mtaroni, akamwinua. Pale pale akaelewa. Utani wa ukuta mweupe haukuwa utani.

Alimrudisha Bibi akiwa amemshika mkono, na safari hii Bibi hakukataa. Mama akaja mbio kutoka uani. "Mama, umepatwa na nini?"

"Nilikuwa na mawazo mengi, nikapitiliza mpaka mtaroni," Bibi alijibu. "Si kitu."

Mama akageuka, akaona maua mapya. "Na kivumbasi kiko wapi? Yusra, nani amekiondoa?"

Uongo hauhitaji kuitwa mara mbili. "Ni mbuzi wa kina Rhoda," Yusra alisema. "Walikila chote. Mimi nikapatengeneza tu, na kokoto nikazifukia ili pafanane."

"Tena mbuzi wale!" Mama alikasirika. "Leo nitazungumza na mama yake Rhoda mpaka anielewe. Ngoja nilete maji ya uvuguvugu nimwoshe Bibi, kisha nakwenda."

Mama akaingia ndani. Bibi alikuwa amelishika goti lake. Kisha akasema polepole, "Mjukuu wangu, mbuzi hawali kivumbasi. Harufu yake inawashinda."

Yusra aliinamisha kichwa. Akajibu kwa sauti ya chini, "Na ukuta si mweupe, Bibi. Ni mwekundu."

Bibi alishtuka. Mkono wake ukaenda ukutani, ukapapasa, ukarudi mapajani. "Basi tunajuana," alisema. "Wewe ninyamazie, nami nikunyamazie. Baba yako mkubwa Mustafa akijua sioni, atanichukua kwake Handeni. Ananipenda, najua. Lakini mlango wa kule siujui. Hapa najua pa kuweka mguu. Hapa kivumbasi huniambia nimefika."

Machozi yalimlengalenga Yusra. Ilikuwa rahisi kukubali. Angenyamaza tu, na hakuna ambaye angemkemea. Lakini mama yake Rhoda angefokewa kwa kosa lisilo lake. Na Bibi angeendelea kutembea gizani mchana kweupe, mpaka siku mtaro utakapokuwa wa kina zaidi ya ule.

Mama alirudi na beseni, akaliosha goti, akalifunga kitambaa safi. Kisha akajifunga kanga yake vizuri, tayari kwenda.

"Mama, usiende," Yusra alisema. "Si mbuzi. Ni mimi. Niliking'oa kivumbasi kwa jembe, na nilijua sina ruhusa. Nimesema uongo."

Mama alimgeukia. "Basi Bibi ameupitaje mlango wake mwenyewe akatumbukia mtaroni?"

Yusra alitazama chini. La kwake alikuwa amelisema, na lililobaki halikuwa lake kulisema.

Ndipo Bibi Mwanaidi akashusha pumzi ndefu. "Mtoto amenishinda," alisema. "Amesema kweli mbele yangu, nami mzee mzima nimekaa na uongo wangu. Mkwe wangu, macho yangu yameingia ukungu siku nyingi. Sasa naona kivuli tu. Mlango huu nilikuwa nauona kwa pua na kwa nyayo."

"Lakini mama, mchele si unachambua?"

"Kwa vidole. Mawe hayajifichi."

Mama akaketi chini kando yake, akalia. Alilia kwa huruma, na pia kwa kujilaumu, kwa kuwa alikuwa akiishi naye nyumba moja na hakujua. Hafsa alipokuja kuona kuna nini, naye akaanza kulia. Posa ikasahauliwa kabisa kwa muda.

Jioni hiyo Yusra alikwenda mwenyewe kwa kina Rhoda, akawaeleza jinsi alivyowasingizia mbuzi wao. Mama yake Rhoda alimkanya kwa upole. Rhoda alinuna kidogo, halafu akauliza, "Hizo kokoto umezifukia vipi? Twende tukazifukue." Wakafukua wote wawili, wakazipepeta kwa ungo mbovu, wakazitandaza upya. Kivumbasi wakakitoa kwenye shimo la taka. Kilikuwa kimelegea, lakini mizizi michache ilikuwa imebaki. Wakakata matawi marefu, wakakipanda mahali pake, wakakinywesha maji. Maua ya kopo hawakuyatupa, waliyasogeza pembeni kidogo.

Wageni walipofika Jumamosi, kiongozi wao, Mzee Hiza, alikanyaga kokoto akasimama. Akachuma jani lililonyauka, akalifikicha, akalinusa. "Kwa marehemu mama yangu palinukia hivihivi," alisema, macho yakimpotea mbali. "Sijui kwa nini tuliking'oa kivumbasi chake." Yusra, aliyekuwa amebeba maji ya kunawa, alitamani ardhi ipasuke. Posa ilipokewa vizuri, na Hafsa akalala usingizi.

Baba mkubwa Mustafa alipata habari, akaja wiki ileile. Hakumchukua Bibi kumpeleka Handeni. Alimpeleka hospitalini, Korogwe mjini, ambako daktari alisema ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaowapata wazee wengi, na kwamba unatibika kwa upasuaji. Bibi aliogopa kisu, lakini akasema amekwisha kuogopa vya kutosha.

Siku aliyorudi, alikuwa amevaa miwani myeusi. Familia nzima ilikuwa uwanjani. Alikataa kushikwa mkono. Akaja njiani, akaingia kwenye kijia. Kratu, kratu, kokoto zikalia. Kivumbasi kilikuwa kimechipua majani mapya, naye akakigusa kama kawaida yake. Kisha akainua uso.

"Kumbe kweli mwekundu!" alisema. "Na kuku hawa weupe, nani kawachora?"

"Ni maua, Bibi!" Yusra alipiga kelele, na watu wote wakaangua kicheko.

"Njoo hapa nikuone." Bibi alimshika mashavu kwa viganja viwili, akamtazama muda mrefu. "Umekua, mke mwenzangu. Nilikuwa bado nina sura yako ya utotoni. Kumbe una macho ya babu yako."

Waliketi kibarazani. Bibi akasema, na wote wakasikiliza: "Mlango ukiupamba umefanya vizuri, usafi ni heshima ya nyumba. Lakini uliza kwanza kila kitu kimewekwa hapo kwa ajili ya nani. Mgeni huutazama mlango siku moja, mwenyeji anauingia kila siku. Na ugonjwa msiufiche kama nilivyoufanya mimi. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Mimi nimeponea mtaroni, kwa sababu mtoto alisema kweli."

Kesho yake asubuhi Yusra alifagia uwanja kama kawaida, kinyumenyume, kutoka kizingitini hadi njiani. Bibi alikuwa kibarazani na chai yake.

"Mke mwenzangu! Kona ile umeiruka."

"Umesikia ufagio, Bibi?"

"La," Bibi Mwanaidi alijibu. "Leo nimeiona."