Kitambaa Chekundu Kwenye Stesheni ya Karatasi

Nina miaka thelathini na moja, na naishi kwa shangazi yangu, fundi cherehani wa Nyakabanda, hapa Kigali. Shule niliiacha darasa la sita. Tangu hapo nimezunguka tu... Bujumbura, Goma, Kampala. Mahali pakishanizoea, naondoka.

Kisha nikakutana na Thierry.

Alikuwa msanifu majengo. Alikuwa anachora stesheni ya treni ya chini ya ardhi, kwa maonyesho ya Kigali ya miaka ijayo. Akanipa kazi ya kukata karatasi ngumu za kujengea mfano wake. Shangazi alicheka mpaka sindano ikamdondoka. "Wewe mtoto! Mji hauna hata reli, unajengewa stesheni?"

Mimi nilipenda! Niliuliza kila kitu. Maji ya mvua yataenda wapi? Moto ukiwaka, watu watatokea wapi? Alinieleza kwa upole kwamba mtu aliye chini ya ardhi lazima auone mwanga wa juu, la sivyo ataogopa. Ndiyo maana alitoboa paa, mwanga ushuke hadi kwenye benchi la abiria.

Kwenye benchi hilo nilibandika mwanamke mdogo wa karatasi, nikamchorea kitambaa chekundu kichwani, kama changu. Thierry akaweka mwanaume pembeni yake. Akasema ni sisi, na kwamba maonyesho yakiisha atawaleta wazee wake kwa shangazi kuniposa. Kwa mara ya kwanza maishani... nikataka kubaki mahali!

Siku ya maonyesho, pale Kicukiro, nikiwa kando ya mfano, Thierry aliingia na mwanamke. Mke wake! Alikuwa amerudi kutoka masomoni Ubelgiji.

Mke akainama. "Na huyu wa kwenye benchi ni nani, mpenzi?"

"Si wewe? Unanisubiri."

Alikitazama kile kitambaa. Kisha akatazama kichwa changu. Halafu akasema taratibu, "Dada, hebu tuwashie taa tuone vizuri."

Nikabonyeza swichi ya taa ya mfano. Mwanga ukashuka mpaka kwenye benchi. Ilipendeza sana.

Sikulia. Hata sasa silii... Najihisi kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Shangazi hakunicheka. Alinishonea kitambaa cha kijani, akakiweka juu ya begi langu la safari.

Wenzangu, nilijua moto ukiwaka watu wa stesheni ile watatokea wapi. Lakini je, niliwahi kumuuliza Thierry kwa nini simu ikilia anatoka nje? Hata siku moja! Niliogopa jibu. Nawasihi, dada zangu, ulizeni mapema, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nimeuliza kila kitu duniani... isipokuwa hicho kimoja.