Basi la Kambini Lipite Kwanza

Kila asubuhi ya zamu yake, kabla ya kengele, Adeline alichukua kibao nyuma ya mlango wa darasa la sita na kwenda kusimama kwenye daraja karibu na shule. Kibao kilifungwa kwenye mpini wa ufagio. Upande mmoja kilipakwa rangi nyekundu, upande wa pili kijani. Taa za barabarani hazikuwapo Bunia, na polisi wa barabarani walikimbia vita ilipoingia mjini. Bomu lilikuwa limekula nusu ya daraja, likabaki la kupitisha gari moja tu. Ndiyo maana mwalimu wao, Maître Fulgence, aliwapa wanafunzi wake zamu, pamoja na sheria moja: gari lenye watu wengi lipite kwanza.

Gari hilo lilikuwa basi kuukuu la parokia. Lilileta mjini watu wa kambi ya waliokimbia Djugu: wagonjwa, akina mama wa sokoni na wanafunzi. Humo alipanda Bénédicte, aliyekaa dawati moja na Adeline.

Shida ilikuwa Patron Vital, tajiri mnunuzi wa dhahabu ya migodi ya Kilo. Jeep yake haikujua nyekundu wala kijani. Akipita yeye, wenye magari wengine walimfuata mkiani, na basi likabaki ng'ambo. Wiki iliyotangulia watoto wa kambi walikuta geti la shule limefungwa, wakarudishwa nyumbani. Nyumbani gani? Kwenye mahema!

Sasa ilikuwa siku ya kwanza ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Ambaye angekuta geti limefungwa angepoteza mwaka, na Bénédicte alikuwa ameshapoteza mmoja akikimbia risasi.

"Leo hapiti," Adeline alijiambia. "Hata akuje na jeshi nzima."

Basi lilipotokea ng'ambo, jeep nayo ikaja upande huu ikipiga honi. Adeline akainua nyekundu. Jeep haikupunguza mwendo. Shingoni Adeline alikuwa na filimbi, kwa kuwa zamu ya bendera pia ilikuwa yake. Hakufikiri mara mbili. Akaipuliza kwa nguvu, mlio mrefu wa kupandisha bendera.

Wakubwa wa mji walikuwa wakibadilika kila mara katika vita ile, lakini desturi moja haikubadilika: bendera ikipanda, kila mtu husimama alipo. Akina mama wenye mabeseni kichwani wakasimama wima. Jeep ikafunga breki. Patron Vital akashuka, akavua kofia.

Lakini ng'ambo, Papa Anselme, dereva wa basi, naye akazima injini, akashuka na kunyoosha mikono. Basi lile likizimwa haliwaki bila kusukumwa!

"Papa Anselme, si bendera! Pita!" alipiga kelele.

Patron Vital akageuka. "Bendera iko wapi? Weye mutoto, umenidanganya miye?"

"Ndiyo, Papa. Kwa bendera nimedanganya." Alisogea akasimama mbele ya jeep kabisa. "Lakini hii nyekundu si uongo. Haupite."

"Toka!"

"Sitoke! Mu gari yako muko batu wawili. Kule kuko batoto ba examen, kuko bagonjwa. Siye pia tuko batu!"

Mama mmoja alitua beseni lake la samaki wa ziwani kutoka Tchomia mbele ya jeep, karibu na miguu ya Adeline. "Mutoto anasema kweli," alisema, akavuka daraja kwenda kusukuma basi. Wenzake wakatua mabeseni yao, wakamfuata. Abiria wenye nguvu walikuwa wameshashuka. Walisukuma, basi likakohoa, likanyamaza, wakasukuma tena hadi likawaka. Adeline akageuzia basi upande wa kijani. Lilipita polepole huku Bénédicte akimpungia mkono dirishani.

Maître Fulgence alikuwa ametoka shuleni aliposikia filimbi isiyo na bendera. Aliwaingiza watoto wa kambi getini, kisha akaja darajani na kunyoosha mkono.

"Adeline, lete filimbi. Kuanzia leo haushike tena. Umeona uongo wako umefanya nini? Umesimamisha hata bus uliyotaka kusaidia. Kibao yako ilitosha, na ule moyo wako wa kukataa. Ukiwa na haki, usiiombee uongo ikusaidie."

Adeline aliinamisha kichwa. Mwalimu akamgeukia Patron Vital, ambaye bado alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Papa, umevulia kofia bendera ambayo haikukuwa. Lakini batu benyewe benye bendera banakuwa mbele yako kila asubuhi, na unabapigia honi."

Patron Vital alirudi garini, akangoja akina mama waondoe mabeseni yao.

Siku ya pili ya mtihani, Adeline alisimama tena darajani bila filimbi. Basi lilitokea ng'ambo, jeep ikaja upande huu. Aliinua nyekundu, akakaza miguu. Hakurudi nyuma.

Jeep ikasimama. Basi la kambini likapita kwanza.