Pipa Lililojibu

Shemeji yangu, mume wa dada, hakuwahi kupiga hodi kama watu. Aligonga mlango kwa spana: mara mbili, kimya, mara moja. Ndivyo alivyogonga mapipa ya taka kiwandani, asikie kama yamejaa, kabla meli haijayabeba kwenda kuyatosa baharini. Dada akisikia tu, anafungua bila kuuliza. Nilikuwa namtania shemeji kwamba iko siku atamgonga dada kwa spana aone kama ameshiba.

Mwaka huo serikali ilipiga marufuku kutosa taka baharini. Ikabaki shehena moja tu, ya mwisho. Tulifurahi, maana ufuo ulishaanza kunuka.

Asubuhi ya kuipakia, shemeji alirudi kunywa chai. Akasukuma kikombe kando bila kukionja.

"Kuna pipa limenijibu," alinong'ona.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nimegonga, nalo likagonga vilevile, kutoka ndani. Mke wangu, kuanzia leo sigongi mlango. Nitakuita. Ukisikia mtu anagonga, usifungue."

Akarudi kazini.

Alasiri, jua bado kali, tulikuwa tunachambua mchele. Mlango ukagongwa. Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Dada akainuka. Mkono ukafika kwenye komeo.

"Niite basi, mume wangu," alisema taratibu. "Niite tu."

Ukagongwa tena, kwa nguvu. Kisha tena.

"Hajaita, dada," nikasema.

Akaondoa mkono. Mlio ukafifia. Ukakoma. Dada aliketi sakafuni akalia kwa kuogopa, na mimi nikalia naye.

Jioni wenzake wawili wa kazini walikuja kupitia mlango wa uani.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa gani?"

Wakatazamana. "Pipa moja lilipasuka tukipakia. Mvuke ukamuunguza koo, sauti yote ikakata. Alasiri tulimtoa zahanati tukamshusha hapo kona, akatuonyesha kwa mkono kwamba atafika mwenyewe."

Tulikimbilia mlango wa mbele. Spana ilikuwa kizingitini. Nyayo za buti zake zilitoka getini hadi mlangoni, na kando yake, hatua kwa hatua, duara la maji, upana wa kitako cha pipa. Za kurudi hazikuwepo.

Hajaonekana tena. Dada hafungi komeo la mlango ule, hata usiku. Nami kila nikideki kizingiti kikakauka, duara moja hurudi, limeloa.