Cheti Kisichokuwa Kwenye Orodha

Kila siku akitoka shule, Corinne Hudak alichukua barua kwenye sanduku la mbele ya nyumba, akazipanga juu ya meza ya jikoni, kisha akapasha moto makaroni ya jibini kabla mama yake hajarudi kutoka kazini. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Waliishi wawili tu, yeye na mama yake, Noreen, katika mji wa Lorain, jimbo la Ohio. Majira yale ya baridi barua nyingi zilitoka hospitali.

Noreen alikuwa mpishi katika nyumba ya kulelea wazee, nusu saa kwa gari. Mwaka uliotangulia alipasuliwa nyongo, kidonda kikatunga usaha, akalala wiki kumi bila mshahara. Alipopona, deni la hospitali lilikuwa kubwa kuliko alichopata kwa mwaka mzima, na malipo ya gari yalikuwa yamechelewa miezi mitatu. Wadai walipiga simu hata wakati wa chakula. Mwishowe aliamua kwenda mahakamani kuomba atangazwe mufilisi, ili madeni yafutwe aanze upya.

Lakini sheria ilitaka jambo moja kwanza. Kabla ya kupeleka maombi, mtu lazima akae na mshauri wa madeni kutoka shirika lisilo la faida lililopewa kibali na serikali, naye ampe cheti. Karani wa mahakama alimwandikia Noreen kwenye karatasi mahali pa kuipata orodha ya mashirika hayo.

"Nina zamu mbili leo," Noreen alimwambia binti yake. "Pitia maktaba, utafute shirika kwenye kompyuta. Liwe kwenye orodha hii ya serikali, sio lingine. Umenisikia, Corinne?"

"Nimesikia, mama."

Maktaba Corinne alikwenda, ila rafiki yake Tawnya alikuwa mlangoni, viatu vya kutelezea barafu vikining'inia begani.

"We, bado tu? Watu wote wameshafika uwanjani. Au unasomea ukarani?"

"Dakika mbili!"

Orodha ilikuwa ndefu na ilichelewa kufunguka. Corinne aliiacha, akaandika maneno "ushauri wa madeni", akachukua jina la kwanza lililotokea. Kituo cha Mapambazuko. Kilikuwa na picha ya tai na bendera, na maandishi makubwa: shirika lisilo la faida. Alinakili namba ya simu akatoka mbio.

Jioni mama yake aliuliza, "Umelikuta kwenye orodha?"

"Ndiyo," alisema Corinne.

Noreen alipiga simu kesho yake. Mwanamume mchangamfu alimtoza dola mia mbili na hamsini kwenye kadi ya benki, akazungumza naye dakika kumi na mbili, asimuulize mshahara wala kodi ya nyumba. Cheti kilifika siku ileile kikiwa na muhuri wa dhahabu. "Kumbe rahisi hivi," alisema Noreen, akakiweka kwenye bahasha, akaanza kutafuta ada ya mahakama.

Siku tatu baadaye Corinne alikuwa maktaba kwa kazi ya shule. Alikumbuka ile orodha, akaifungua. Aliisoma yote, kisha akairudia kidole kikiwa juu ya kioo. Kituo cha Mapambazuko hakikuwemo.

Alirudi nyumbani akiwa amejipanga kusema, akamkuta mama yake anaimba huku akimenya viazi. Miezi mingapi hajamsikia akiimba! Nitasema kesho, alijiambia. Kesho yake alijiambia pengine cheti ni cheti tu. Siku iliyofuata pia aliahirisha. Siku ya tisa tangu cheti kifike, Noreen aliendesha gari hadi mahakamani akapeleka maombi yake.

Kwa wiki mbili simu zilikaa kimya, kwa kuwa sheria inawazuia wadai mara tu maombi yanapopokelewa. Ndipo ikaja barua. Noreen aliisoma kwa sauti, polepole: shirika lililotoa cheti halina kibali, kwa hiyo kesi imefutwa, na wadai wako huru tena.

"Haiwezekani," alisema. "Corinne aliliangalia."

Corinne aliinama.

Jumanne iliyofuata, asubuhi, lori la kuvuta magari, lililotumwa na waliomkopesha gari, liliingia uani. Noreen alitoka na kandambili kwenye theluji.

"Kaka, nakuomba! Nisipofika kazini leo wananifukuza."

"Dada, mimi nimetumwa tu," alijibu dereva bila kumtazama. "Kama una vitu ndani, toa."

Alitoa mwavuli na koti la kazi. Gari likaenda. Siku nne baadaye kazi nayo ikaenda.

Ndipo Corinne alipokuja jikoni, akasimama karibu na friji. "Mama, sikuangalia orodha. Nilikudanganya. Halafu nikaja kujua, kabla hujaenda mahakamani, nikanyamaza."

Noreen alimgeukia. "Ulijua siku ngapi kabla?"

"Sita."

"Sita." Alikaa kitini. "Nenda chumbani kwako. Sitaki kusema neno nitakalolijutia."

Kesho yake walikwenda maktaba pamoja. Safari hii walisoma orodha mstari kwa mstari, wakapata shirika lililokuwa mji wa jirani, wakapelekwa na jirani yao. Mshauri aliitwa Bi. Pruitt. Aliuliza kila kitu: mshahara, chakula, kodi, dawa. Ilichukua saa moja na nusu.

"Nikulipe kiasi gani?" Noreen aliuliza.

"Kwa hali yako, hulipi. Hatupewi kibali bila kukubali kumhudumia hata asiye na kitu. Na serikali inakagua hesabu zetu."

Noreen alicheka kicheko kikavu. "Mwizi nimempa mia mbili na hamsini, kumbe mkweli ni bure."

"Lakini wale wezi wataachwa hivihivi?" Corinne aliuliza.

"Tutawashtaki," alisema Bi. Pruitt. "Ila watu kama hao hubadili jina wakafungua kwingine. Siwezi kukudanganya."

Maombi ya pili yalipokelewa. Kiangazi kilipoanza, hukumu ilifika: madeni ya hospitali na mengine yamefutwa. Gari halikurudi. Noreen alikuwa amepata kazi ya kufua mashuka katika hoteli, anakwenda kwa miguu, kwa mshahara mdogo kuliko wa zamani.

"Mama, basi tumepona?" aliuliza Corinne.

"Deni limekwisha. Kaa hapa." Noreen aliikunja ile karatasi ya hukumu. "Kosa langu ni kwamba nilikupa kazi ya mtu mzima, na nikatia saini bila kuhakiki. Hilo nalibeba. Kosa lako nalo libebe. Ulipodanganya ulikuwa mtoto anayekimbilia kucheza, ningekugombeza yakaisha. Lakini zile siku sita ulikuwa unajua. Neno moja tu lingeokoa gari na kazi, nawe ulinisikia naimba ukaniacha niimbe. Ukijua umekosea, sema siku hiyohiyo, hata kama nitalia. Afadhali nilie mapema, bado nina cha kuokoa."

Corinne alifuta macho. "Ndiyo, mama."

"Haya. Kesho natoka saa kumi na moja alfajiri. Nipigie pasi shati langu la kazi."