Kitabu Kilichotupwa Joshoni

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka juu ya mashamba ya chai, Chepngeno na binamu yake Tecla waliteremka na maziwa hadi barabarani, wakayapakia kwenye gari la chama cha ushirika, kisha wakashika njia ya shule. Chepngeno alikuwa mtoto wa kijiji cha Sigor. Shule ya kwao ilikomea darasa la nne, ndiyo maana shangazi yake, mama yake Tecla, alimchukua akae naye karibu na Kericho. Alilala kitanda kimoja na Tecla na kula naye sahani moja, na Tecla hakumwacha asahau jambo hilo.

Mwaka huo wa 1972, darasa lao la sita lilikuwa na kitabu kimoja tu cha hadithi. Mwalimu Lazarus alimchagua Bilhah awasomee wenzake kwa sauti kila alasiri, na yeye ndiye aliyekitunza. Bilhah alikuwa binti wa wachuma chai waliotoka Kisii, na familia yake iliishi kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba. Alisoma vizuri kuliko wote. Hilo lilimchoma Tecla, kwa kuwa mwaka uliotangulia msomaji alikuwa yeye.

Hadithi ilimhusu Naserian, msichana aliyeokota ng'ombe wa jirani aliyepotea wakati wa njaa. Jirani huyo alikuwa adui wa baba yake. Kurasa mbili nzima zilieleza jinsi Naserian alivyokaa mbele ya moto, moyo ukimvuta huku na huku. Amrudishe ng'ombe, au anyamaze ili wadogo zake wanywe maziwa? Bilhah aliishia hapo siku ya Jumatatu. Darasa zima lilingoja kwa hamu, maana Jumamosi gari la sinema lingekuja kuonyesha hadithi hiyo hiyo.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Chepngeno alikwenda nyuma ya ua wa shule kutafuta mpira. Akamwona Tecla akichomoa kitabu katika mfuko wa Bilhah ulioachwa kando ya ua, kisha akivuka njia na kukitupa ndani ya josho la ng'ombe. Tecla alipogeuka, macho yao yakakutana.

"Umeona nini?" Tecla aliuliza.

"Nimekuona."

"Hujaona kitu. Ukifungua mdomo, utarudi Sigor kuchunga mbuzi."

Kitabu kiliopolewa jioni, kimelowa na kunuka dawa ya kupe. Bilhah aliapa kwamba hakujua kilifikaje huko, lakini hakuna aliyemwamini. Mwalimu Lazarus alimwondolea kazi ya kusoma mpaka ukweli ujulikane.

Tangu hapo Bilhah hakupata nafuu. "Watoto wa laini hawawezi kutunza kitu," alisema Kiplangat, kiranja wa darasa, na wengine wakaitikia. Bombani walisukuma debe lake nje ya foleni. Dawati lake lilipakwa matope. Chepngeno hakumsukuma wala kumtukana. Lakini Bilhah alipotaka kuketi karibu naye, alisogeza mfuko wake ukajaza nafasi ile, akajifanya anaandika. Usiku moyo mmoja ulimwambia aseme, moyo mwingine ukamkumbusha Sigor. Alianza kuacha chakula.

Jumamosi alasiri watoto walijazana katika ukumbi wa wafanyakazi. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, na sinema ikaanza. Walishangilia jirani alipomtukana baba yake Naserian na fimbo zikainuliwa. Kisha Naserian akaonekana amekaa mbele ya moto, kimya, muda mrefu.

"Mashine imekwama?" mtu akauliza gizani, na ukumbi ukacheka.

Chepngeno hakucheka. Katika ukimya ule aliisikia sauti ya Bilhah ikisoma zile kurasa mbili, neno kwa neno. Mwishowe Naserian alisimama, akamfungua ng'ombe na kumpeleka kwa mwenyewe. Jirani alipokea kamba bila hata kusema asante.

Jumatatu Mwalimu Lazarus aliuliza, "Naserian alipigana na nani?"

"Na yule jirani," alijibu Kiplangat.

"Na njaa," mwingine akasema.

"Vizuri. Hiyo ni migogoro ya nje, na sinema imetuonyesha. Na pale alipokaa mbele ya moto?"

"Pale hapakuwa na kitu, Mwalimu," Tecla alisema. "Alikuwa amekaa tu."

Chepngeno alijikuta amesimama. "Pale alikuwa anapigana na yeye mwenyewe. Alijua la kufanya, lakini aliogopa." Akamgeukia Mwalimu. "Mwalimu, Bilhah hakutupa kitabu. Aliyekitupa ni Tecla. Mimi niliona, nikanyamaza."

"Mwongo," Tecla alisema. "Anakula kwetu halafu ananisingizia."

"Basi mtazame Bilhah usoni, useme hivyo tena," Mwalimu alimwambia.

Tecla alijaribu, akashindwa. Akainamisha kichwa juu ya dawati na kulia.

Wakati wa mapumziko Chepngeno alimfuata Bilhah. "Nisamehe," alisema.

"Siku zote hizo ulijua," Bilhah alijibu. "Walinipaka matope, nawe umekaa hapo." Akaenda zake.

Jioni Mwalimu Lazarus aliwasindikiza Chepngeno na Tecla nyumbani. Shangazi alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, uso umekunjamana.

"Huyu nilimtoa Sigor, nikamlisha," alisema. "Leo ananiaibisha mbele ya watu wa laini."

"Mama Tecla," Mwalimu alisema taratibu, "aibu imeletwa na aliyetupa kitabu, si na aliyesema. Huyu alijua anaweza kukosa mahali pa kulala, na bado amesema."

Shangazi akamgeukia Tecla. "Kesho tutakwenda kwa wazazi wa yule msichana, ukaombe msamaha kwa mdomo wako. Naye Chepngeno atakaa. Simfukuzi mtoto wa kaka yangu kwa kusema kweli. Lakini leo msiniambie nicheke."

Wiki ile Tecla aliosha madawati peke yake, hakumsemesha Chepngeno, na kitandani alimgeuzia mgongo. Kiplangat na wenzake walimwomba Bilhah radhi mbele ya darasa. Kurasa zilipokauka, Bilhah alirudishiwa kitabu. Kabla hajaanza kusoma, Mwalimu Lazarus aliwatazama wote.

"Adui wa nje kila mtu humwona, na watu watakusaidia kupigana naye," alisema. "Vita vya moyoni havina mashahidi. Unaweza kushindwa humo na jirani yako asijue. Lakini kila siku unayokawia, kuna mtu mwingine anayepigwa kwa sababu yako. Chepngeno alishinda, ila alichelewa. Ninyi msichelewe."