Picha ya Mtoto Anayesukwa

Aliyeiba picha ile hakuacha ukuta mtupu. Aliacha nyingine palepale, ya ukubwa uleule wa sinia, yenye fremu ya rangi ileile. Ndani yake alikuwamo mama ameketi kwenye kigoda, na katikati ya magoti yake mtoto wa kike akisukwa nywele. Mgeni angekunywa chai yake mbele ya picha ile mpaka kikombe kikauke, asishuku kitu.

Lakini mwenye nyumba hakuwa mgeni. Alikuwa mkunga mstaafu, na kila asubuhi kwa miaka mingi alikuwa amekunywa chai akiitazama picha yake. Asubuhi hiyo aliinua kikombe, akakirudisha mezani bila kukigusa kwa midomo, akapiga simu polisi.

Inspekta alifika na Sajenti wake kabla chai haijapoa vizuri. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye goti bovu na subira nyingi, na vijana wa kituoni walimwita Taratibu, ingawa si mbele yake. Alisimama sebuleni akageuka polepole. Hapakuwa na ukuta uliosalimika. Picha zilianzia mlangoni, zikafuata korido, zikaingia jikoni. Hata chooni alikuwemo mbuzi, amewekwa huko, mwenye nyumba alieleza, kwa kuwa mbuzi ndiye pekee asiyeona haya.

"Zote umenunua mwenyewe, Mama?"

"Kwa mshahara wa ukunga. Wenzangu walinunua vitenge, mimi nikanunua hizi. Walisema nimerukwa na akili, sasa wanakuja kupigia picha za harusi za wajukuu wao hapa."

Inspekta alicheka. Kisha akauliza alijuaje kwamba picha imebadilishwa.

"Yule mtoto si yule," alisema Mkunga. "Mama ni yule, kigoda ni kile. Mtoto si yule. Nikasogea, nikasikia harufu ya rangi, nikagusa pembeni. Tazama."

Alionyesha kidole. Kilikuwa na doa la samawati. Rangi ya mafuta, pale ilipopakwa nene, ilikuwa bado mbichi.

Sajenti aliandika. Inspekta yeye alitazama ukuta. Picha ilikuwa imepinda kidogo, bega moja juu, jingine chini. Nyuma yake kulikuwa na misumari miwili iliyopangwa sawasawa, lakini waya wa fremu ulikuwa umeshika mmoja tu.

"Mlango haujavunjwa," alisema Sajenti. "Dirisha zima. Jana nani aliingia humu, Mama?"

Mkunga aliketi, akapanga vikombe ambavyo havikuhitaji kupangwa. Kisha akasema lililokuwa likimsumbua kuliko wizi wenyewe. Wakati fulani, alipokuwa bado kazini, alimpoteza mzazi na mtoto wake kwa siku moja. Alirudi nyumbani akaapa hataingia tena chumba cha kujifungulia. Wakati huo picha ile ndiyo kwanza alikuwa ameinunua. Alikaa mbele yake siku baada ya siku, akiitazama mikono ya yule mama kichwani mwa mwanawe, mikono isiyo na haraka, hadi siku moja akaamka akapiga pasi sare zake.

"Kwa hiyo naitaka picha yangu, sikufichi," alisema. "Lakini walioingia jana ni watatu, na wote watatu hula mezani pangu. Nikipata picha nikapoteza mtu, mwanangu, nitakuwa nimeibiwa mara mbili. Nisaidie nisipoteze mtu."

Inspekta alimshika bega, akasema atajitahidi. Hakuwa na mazoea ya kuahidi zaidi ya hapo.

Watatu wenyewe hawakuwa kitendawili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kaka yake, dereva wa teksi, aliyeleta mboga. Wa pili fundi wa fremu, aliyekuja kubadilisha kioo cha picha ya koridoni. Wa tatu mchoraji mwenyewe, aliyeichora picha hiyo zamani, rafiki wa nyumba, ambaye kila wiki alikuja kupiga soga na Mkunga. Huyo wa tatu Sajenti alimfuta orodhani hapohapo. Mchoraji alikuwa amepata kiharusi, mkono wake wa kulia ukalala, na tangu hapo Mkunga hakuwahi kumwona na brashi.

"Hata kijiko humsumbua," alisema Mkunga kwa upole. "Mwacheni mzee wa watu apumzike."

Dereva wa teksi walimkuta akiosha gari. Alihojiwa akiwa na sifongo mkononi.

"Jana ulifika kwa shangazi yako?"

"Nilifika. Nikapeleka mboga, nikala, nikaambiwa nimenenepa, nikaondoka."

"Uliona picha ya ukutani imebadilika?"

"Afande, mimi mtu wa magari. Shangazi akining'iniza pale trekta nitamuuliza ni lini amelinunua, basi."

Aliposikia ni picha ipi iliyopotea, uso ulimbadilika. Aliuliza kama shangazi yake ameshakula, na bila kungoja jibu akatupa sifongo ndani ya ndoo na kuwasha gari kwenda kumtazama. Inspekta alimwacha aende. Wezi aliowahi kuwafahamu hawakuwa wakikimbilia kwa waliyemwibia.

Mchana yakaja majibu ya maabara, walikoipeleka ile picha asubuhi. Nyuma ya fremu, mtaalamu alisema, kulikuwa na alama za vidole zilizofutikafutika, zisizotosha kumtambua mtu, lakini zote za mkono wa kushoto. Na kwenye picha yenyewe kulikuwa na jambo la kupendeza. Alimpa Sajenti kalamu, akamwambia apige mistari ya haraka kwenye karatasi kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto. Mistari ya kulia ililalia upande mmoja, ya kushoto upande wa pili. Katika picha iliyoachwa ukutani, nywele, nguo na kivuli cha kigoda, vyote vilikuwa vimelalia upande ule wa mkono wa kushoto.

"Aliyechora hii ni mtu wa mkono wa kushoto," alimaliza mtaalamu.

Sajenti alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake. "Fundi wa fremu, Afande. Mtaa mzima unamwita Shoto."

Karakana ya Shoto ilinukia gundi na mbao mpya. Aliwakaribisha kwenye benchi, akalipangusa kwanza kwa aproni yake ili wasichafuke. Sajenti alikuwa na pingu mfukoni na haraka moyoni.

"Wewe ni wa kushoto?"

"Tangu tumboni."

"Fremu hii umetengeneza wewe?"

Shoto aliitazama muda mrefu. "Nimetengeneza mimi. Ile ya kwanza pia."

"Nani aliagiza hii ya pili?"

"Hilo silisemi."

"Unajua naweza kukuweka ndani?"

"Najua, kijana wangu. Niliahidi kunyamaza, na niliyemwahidi si mtu wa kuvunjiwa ahadi. Niwekeni."

Inspekta alivuta kigoda, akakunja goti lake bovu kwa tahadhari. Alimuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za nyumbani.

"Misumari miwili ile ukutani ni yako?"

"Yangu. Nikitundika kwa mmoja, mlango ukigongwa picha inapinda. Mama Mkunga hapendi kupinda."

"Aliyetundika jana alitumia mmoja."

Shoto alitazama sakafu. Mikono yake miwili, ya nguvu, ilikuwa imetulia juu ya magoti.

"Basi si mimi," alisema taratibu.

"Huyo uliyemwahidi ni mtu mbaya?"

"Angekuwa mbaya, Afande, ungeshalijua jina lake tangu mlipoingia."

Walirudi kituoni bila mtu. Sajenti alinuna njia nzima. Inspekta alimpa ile picha, akaomba misumari miwili ipigwe ukutani, akamwambia aitundike.

Akaitundika mara moja.

"Sasa weka mkono mmoja mfukoni, kisha jaribu tena."

Sajenti alijaribu. Waya uliposhika msumari huu, ulikimbia ule. Aliisukuma kwa kifua, akaisukuma kwa kidevu, polisi wengine wakasogea mlangoni kutazama na kutoa ushauri usio na faida. Mwishowe akaiacha ikining'inia kwenye msumari mmoja, bega juu, bega chini, vilevile kama walivyoikuta.

Inspekta alisogea, akagusa ule msumari ulioachwa.

"Huyu hakuzaliwa wa kushoto," alisema Inspekta. "Ni wa kushoto kwa sababu amebakiwa na mkono huo tu."

Mchoraji aliishi chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Alifungua mlango mwenyewe, akawaona, akaitikia kwa kichwa kama mwenyeji aliyekuwa akiwangoja. Akasisitiza kuwapikia chai. Ilichukua muda, kwa kuwa alifanya kila kitu kwa mkono mmoja, na Inspekta alimzuia Sajenti kwa jicho asiinuke kumsaidia. Mtu anapokukaribisha kwake, mwache akukaribishe.

Juu ya kitanda kulikuwa na kitu kimeviringishwa blanketi, kimeegemezwa mto kama mtoto mwenye homa. Kuta zilikuwa tupu. Kwenye kona kulikuwa na rundo la picha, zote zimegeuzwa uso ukutani.

"Ile kitandani ni ya Mama Mkunga?" aliuliza Inspekta.

"Ni yake."

"Ulibadilisha lini?"

"Alipotoka kumwagilia maua. Niliingia nayo kwenye kikapu."

"Na iliyobaki kule, nani aliichora?"

Mzee aliinua mkono wake wa kushoto, akautazama kama anamtambulisha jamaa.

"Huyu. Nimemfundisha mwenyewe. Mwanzo hakuweza hata kuchora yai."

"Kwa nini wizi, Baba? Ungempelekea kama zawadi."

Mchoraji aliketi. Alisema tangu augue, watu wamemtendea wema mpaka ukamziba pumzi. Alichora kikombe kilichopinda, majirani wakasema kinapendeza. Alichora mti ulioonekana kama ufagio, wakaomba kupiga nao picha. Hakuna aliyekuwa mwongo. Walimhurumia tu. Lakini mtu hawezi kujua kama bado ni mchoraji kwa kusifiwa na wanaomhurumia.

"Nilichora tangu sijaota ndevu," alisema. "Sijui kingine. Nikawaza, kuna macho ya mtu mmoja tu ninayoyaamini, na hayo kila asubuhi yako mbele ya picha yangu. Niiweke ya mkono huu pale bila kumwambia. Akinywa chai yake wiki nzima asigundue, bado ni mchoraji. Akigundua, nagawa brashi zangu watu wapakie viatu dawa."

Alijaribu kutabasamu.

"Amegundua asubuhi ya kwanza. Nimesikia kwa dereva wa teksi. Nilikuwa natafuta kofia nije kituoni."

Sajenti, aliyekuwa amechukua kalamu kuandika maelezo, alikuwa hajaandika neno. Alijifanya anapuliza chai.

"Hukuuliza amegundua nini," alisema Inspekta.

"Kuna haja?"

"Ipo. Chukua hiyo kofia."

Mkunga aliwafungulia mlango. Aliona blanketi kwapani mwa Sajenti, akamwona rafiki yake nyuma, na uso wake ukapita hasira, nafuu na mshangao kwa mpigo. Inspekta alieleza yote kwa kifupi, kisha akaiweka ile picha ya pili juu ya meza, kando ya ile ya zamani iliyotolewa blanketini. Mchoraji alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Ungeniuliza, kaka," alisema Mkunga. "Miaka yote hii, ungeniuliza tu."

"Ningekuuliza ungeniambia ukweli?"

Mkunga alizitazama zile picha mbili. Alivuta kiti, akaketi.

"Hapana," alisema. "Ningekudanganya. Ningesema ni nzuri hata kabla sijaiona."

Kisha akamwita kwa mkono aje aketi, na mzee akaja.

"Basi nisikilize, maana asubuhi sikujua ni yako, kwa hiyo sikuwa na wa kumhurumia. Hii ya zamani, huyu mtoto anaumia. Kichwa kimevutwa, macho kwenye mlango, anataka kutoroka. Nimemwonea huruma kila asubuhi. Kwenye hii mpya amelegea. Anakaribia kulala magotini mwa mama yake. Nilipopiga simu, niliwaambia polisi nimeibiwa. Sikuwaambia kwamba huyu mtoto mpya nilikuwa nimeshampenda, na moyo unanisuta. Nilidhani mwizi ameniletea kitu kizuri kuliko alichochukua."

Mchoraji aliinamia picha. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mkono wa kushoto hauna nguvu za kukandamiza brashi. Hakukusudia. Rangi ilikwenda ikalala laini yenyewe.

"Basi usimfundishe nguvu," alisema Mkunga. "Hii mpya inabaki kwangu. Ya zamani chukua wewe. Watu wote mjini wana picha zako ukutani isipokuwa wewe."

Sajenti alikohoa, akauliza jaladani aandike mali imepatikana au haijapatikana. Mkunga alimwambia aandike kwamba mlalamikaji hana malalamiko, halafu asogee mezani ale.

Lakini macho yake yalikuwa yamerudi kwenye picha mpya, na paji la uso likajikunja.

"Ila hiki kidole gumba cha mama," alisema. "Kirefu mno. Kama kijiko cha mchuzi."

Inspekta alishtuka kidogo, akamtazama mzee kwa wasiwasi.

Mchoraji alikuwa anacheka. Alicheka kwanza kimya, mabega tu yakitikisika, kisha kwa sauti, mpaka machozi yakamtoka na ikabidi avue miwani. Tangu augue hapakuwa na hata mmoja aliyemwambia maneno kama hayo.

"Nilijua," alisema. "Kile kidole nilijua tu. Nimekirudia na kukirudia. Lete hapa kwenye mwanga, unionyeshe kinapoanzia kukosea."

"Kinaanzia hapa."

"Hapo? Hapo pako sawa. Kosa liko chini."

"Kaka, mimi nimeshika mikono ya kina mama maisha yangu yote, utaniambia mimi kidole?"

Inspekta alifunga jalada, akanyoosha goti lake chini ya meza. Ubishi ulikuwa ndio kwanza unapamba moto, na kwa jinsi wawili wale walivyoinama kichwa kwa kichwa juu ya picha, haukuwa na dalili ya kwisha leo.